Bahari Ina Wenyewe: Siku Sita, Kutoka Mji wa Kale Hadi Gazi

Siku ya kwanza, Jumatatu. Mji wa Kale

Safari hii nimeianza nikiwa chali. Shule zimefungwa, na ami yangu amenipa chumba kile kile nilichokuwa nikilala utotoni nikija likizo, mtaa wa nyuma ya Fort Jesus. Ukilala chali unaziona boriti za dari, nyeusi kwa moshi na kwa miaka, zimepangika kama mbavu. Utotoni nilizihesabu, na leo nimezihesabu tena. Ni 22, hakuna iliyoondoka. Ami husema chumba cha Mswahili kimepimwa na mkoko kabla ya kupimwa na fundi: boriti ni nadra kuvuka mita 3, basi na upana wa chumba hauvuki hapo. Urefu utauamua wewe, upana mti umeshaamua.

Kuta ni matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni za mikoko. Hata ngome walioanza kuijenga Wareno mwaka 1593 imesimama juu ya mwamba huo huo wa matumbawe. Mtu wa Mji wa Kale anakaa ndani ya bahari iliyokauka, ajue asijue.

Nimekuja kwa sababu moja. Jumamosi kuna kikao cha kutoa maoni kuhusu mpango wa kutunza hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara kutoka kisiwa cha Mombasa, na akina mama wa Junda, mtaa ulio kando yake, wanaopanda mikoko wameniomba niwaandikie yao. Nafundisha jiografia, kalamu sina uvivu nayo. Lakini sikutaka kuandika kabla sijatembea.

Jioni, barazani, nilimuuliza ami mikoko ni ya nani. Babake alikuwa akiuza boriti zilizoshuka na majahazi kutoka Lamu, na ami anazijua saizi zake kama vidole vyake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Hakujibu haraka. Alimimina kahawa kwanza.

"Mwaka 1932 serikali ya Mwingereza ilitoa tangazo," akasema. "Mikoko yote, maji yanapojaa hadi yanapopwa, ikawa msitu wa serikali. Mtu alilala na mti wake, akaamka ni mwizi."

Tangazo hilo lipo kweli, ni namba 44 la Aprili 1932. Sisemi halikuwa na haja; boriti zilikuwa zikikatwa kwa maelfu kupelekwa Uarabuni. Ila karatasi ile iliona mbao tu. Haikumwona mtu anayejua mti upi ukatwe mwezi gani, na upi uachwe kwa kuwa kaa wanazaliana chini yake. Tulipopata uhuru karatasi ilibaki, ikabadilishwa muhuri.

Siku ya pili, Jumanne. Junda

Jana mwezi ulikuwa mpevu, kwa hivyo leo ni bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana. Maji yalikuwa yapwe kabisa saa 4 asubuhi, nasi tuliingia mtumbwini saa 12 na nusu ili yatushushe. Mama anayeongoza kikundi ana miaka sitini na kitu. Alishika upondo mwenyewe, akakataa kijana amsaidie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Kaa kati, usiegemee."

Kutoka mtumbwini mji unaonekana kinyumenyume. Magorofa ya Nyali yanakuwa madogo, na kinachokuwa kikubwa ni mti. Mlilana umesimama mbele kabisa, miguu majini. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule ulioipa jina jamii yote, na mizizi yake ya upinde, kisha muia na mkandaa, na nchi kavu inapoanza, mchu, ambao mizizi yake imechomoza matopeni kama misumari iliyogeuzwa. Nilikuwa nimezoea kuufundisha mpangilio huu darasani kwa mchoro. Mama aliutaja kwa shughuli. Huku nilitegea kaa na mamangu. Huku mume wangu alikuwa akitupa wavu wa kuvulia kamba. Pale tuliokota chaza mwaka wa njaa.

Na kila mkondo ulikuwa na jina. Mkono wa bahari ambao kwenye ramani ya shuleni ni mstari mmoja wa buluu, kwake una vijimkondo visivyopungua kumi, kila kimoja na jina na sababu ya jina: aliyezama, aliyefumaniwa na maji, shehe aliyekuwa akisali kwenye mchanga fulani. Nilifungua daftari. Akaniwekea mkono juu ya kalamu.

"Haya usiandike, mwanangu. Ukiyaandika, wenye misumeno watajua pa kupitia."

Nikafunga daftari.

Maji yalipopwa tukashuka topeni, goti zima. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo nataka kila mpanga sera alijue. Kuna uwanja mpana wa tope tupu ambao miaka michache nyuma walikuja watu na fulana zinazofanana, wakapanda mbegu za mkoko mstari kwa mstari, wakapiga picha, wakaondoka. Mkoko ndio rahisi: mbegu yake ni ndefu kama kalamu kubwa, unaichomeka tu. Masika yalipopita, karibu yote ilikuwa imekufa.

"Tuliwaambia," alisema mama mwingine, mdogo kidogo kwa yule kiongozi. "Hapa ni pa mchu. Nyanya alikuwa akianika nyavu kwenye michu hapa hapa. Wakasema mradi wao umeandikwa mkoko."

Sasa wao wenyewe wanapanda michu pale, iliyooteshwa kitaluni kwenye mifuko, na imeshika. Wataalamu wa mikoko nao husema vivyo hivyo, kwamba kuupanda mkoko mahali pasipo pake ni kuupoteza. Lakini wanawake hawa hawakulipata kwenye utafiti. Walilipata kwa sababu kuna nyanya aliyekuwa na nyavu zake. Mapenzi ya mtu kwa mahali pake yana taarifa ndani yake, na asiyeyathamini huzitupa taarifa hizo pamoja nayo.

Kwa hesabu ya mpango wa taifa wa mikoko wa 2017 hadi 2027, kaunti ya Mombasa ina hekta 3,771 tu kati ya 61,271 za Kenya nzima. Ndogo, na imeonewa: maji taka yanashuka kutoka mitaani, mitungi ya pombe haramu inachemshwa vichakani kwa kuni za mikoko, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo uliofukia mizizi pwani nzima. Akina mama wanasema hawakatai sheria. Wanachouliza ni mbona mwanamke mwenye mzigo wa kuni kavu ndiye anayesimamishwa, ilhali msumeno unalia usiku na kila mtu anausikia.

Tulirudi maji yakijaa. Hawakuimba, hawakupiga makofi. Walikuwa wamechoka.

Siku ya tatu, Jumatano. Bamburi

Ufuo wa umma ulikuwa umejaa watoto wa likizo na ngamia. Nahodha niliyeelekezwa kwake alikuwa chini ya mvinje akishona lema, mtego wa samaki, akakubali kunipeleka maji yakiwa madogo.

Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilitangazwa 1986: kilomita za mraba 10 zisizovuliwa kabisa, na kuzizunguka eneo la kilomita za mraba 200 ambamo uvuvi wa zana za kienyeji unaruhusiwa. Nahodha alikuwa kijana wakati huo. Anasema hakuna aliyekuja kumuuliza babake. Waliona maboya, kisha boti ya askari. Mahali ambapo familia yake ilikuwa ikitega tafi na changu pakawa pa kutazamwa na watalii kupitia kioo cha chini ya mashua.

Nilitarajia hasira, nayo ilikuwepo. Lakini mzee ni mtu wa haki, alisema na upande wa pili.

"Samaki hawajui boya. Wakizaana ndani wanatoka. Mimi malema yangu nayapanga hapa hapa mpakani, na hupata."

Watafiti waliochunguza ukingo wa hifadhi hii kwa miaka mingi wamelikuta hilo hilo: mitego iliyo karibu na mpaka hupata zaidi. Basi hifadhi ilikuwa sahihi na namna ya kuileta ilikuwa mbaya, yote mawili kwa pamoja. Nadhani tunapenda sana kuchagua moja.

Akanieleza habari za juya, wavu ule wa kukokota unaozoa hata vitoto vya samaki na kuvunja matumbawe. Serikali ililipiga marufuku 2001. Wazee wa malema wa upande wake, anasema, walikuwa wamelikataa muda mrefu kabla ya hapo. Mwenye juya akija alipewa chai, akaambiwa aende zake. Kulikuwa pia na mahali mwambani ambapo hapakuvuliwa kwa kuwa pana mzimu, na siku za sadaka ambapo hakuna chombo kilichotoka.

"Siku hizi?"

Akatazama lema lake. "Masheikh wakatukataza sadaka ya mwambani, wakasema ni shirki. Mimi Muislamu, sibishani na dini yangu. Lakini ile siku ya kutotoka baharini ilikwenda na sadaka. Hakuna aliyesema tuiache sadaka tubaki na mapumziko."

Sentensi hiyo nimeiandika mara mbili daftarini. Ukiondoa desturi bila kuangalia ilikuwa imeshikilia nini, kuna kitu kingine kinaanguka nyuma yake, na huenda ukakaa miaka kabla ya kusikia kishindo.

Kaskazini ya hapa, Kuruwitu kaunti ya Kilifi, jambo lilianza kinyume. Baada ya joto la bahari la 1998 kuua matumbawe mengi, na nyavu mbaya kumaliza samaki, wavuvi wenyewe katikati ya miaka ya 2000 walifunga hekta zipatazo 30 za maji yao. Walipaita tengefu, neno la Kiswahili safi, kutoka kutenga. Kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo, vile tunavyoviita BMU, zilikuja 2007. Watu walitangulia, sheria ikafuata.

Siku ya nne, Alhamisi. Mvua

Vuli imenyesha kutwa. Sikutoka. Nimesoma Katiba ya 2010, kifungu cha 69: dola itailinda elimu asilia ya jamii kuhusu viumbe, na itahimiza wananchi kushiriki katika kutunza mazingira. Nimesoma pia muhtasari wa ripoti ya 2022 ya jopo la kimataifa la bayoanuai, IPBES, kuhusu thamani za maumbile. Inasema watu huishi kutokana na maumbile, huishi ndani yake, huishi pamoja nayo, na wengine huishi wakijiona wao ndio maumbile yenyewe. Na kwamba serikali nyingi huamua kwa kutazama faida za aina moja tu, zile za sokoni. Nilimsomea ami kwa Kiswahili. Akasema, "Wamekaa wangapi wakaliona hilo?" Nikamwambia ni wataalamu wengi sana, miaka kadhaa. Akatikisa kichwa kwa heshima, kwa sababu ami anawaheshimu watu wanaofanya kazi kwa muda mrefu.

Siku ya tano, Ijumaa. Kinondo na Gazi

Feri ya Likoni ya alfajiri, kisha matatu hadi Ukunda, kisha bodaboda kupita hoteli za Diani. Kaya Kinondo unaiona kabla ya kufika, kwa sababu ghafla kuna giza. Viwanja pande zote, kuta nyeupe, halafu msitu wa hekta 30 hivi, mrefu, umejifunga.

Mzee wa kaya, Mdigo, alinifunga kaniki nyeusi kiunoni juu ya buibui langu. Aliona nasita.

"Ni heshima tu, mwanangu. Hata mimi baadaye naenda Ijumaa."

Masharti ni machache: usichukue kitu, hata jani lililoanguka, usipige kelele, usipite asipopita mzee. Tulitembea polepole. Kuna mitambaazi ya mwituni minene kama paja la mtu, na mizizi mipana ya mti imegawanya mwamba wa matumbawe, mwamba ule ule uliojenga nyumba ya ami. Mzee alisimama mahali fulani akanyamaza, nami nikanyamaza, na sikuuliza kwa nini.

Kaya, kwa lugha za Mijikenda, ni nyumbani. Wazee wao waliishi ndani ya misitu hii, katika maboma yaliyozungukwa na miti, kisha wakahama wakaiacha iwe mahali pa maombi na makaburi. Hakuna aliyeuita uhifadhi. Lakini zunguka pwani hii uone misitu mikongwe iliyobaki mahali ambapo kila kitu kimelimwa au kimejengwa: mingi ni kaya. Mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza katika gazeti lake kuwa mali ya kale ya taifa, chini ya Makumbusho ya Taifa, na Kinondo ilikuwamo. Mwaka 2008 UNESCO iliweka baadhi ya kaya katika urithi wa dunia, Kinondo ikiwamo.

Natua hapa kidogo, kwa sababu hiki ndicho nilichokuja kukitafuta. Sheria ya kaya haikusema, miti hii ni ya serikali, tokeni. Ilisema, wazee hawa tayari wanalinda, na anayewaingilia ataijibu dola. Adhabu ya zamani ya kutozwa mbuzi bado ipo, na nyuma ya mbuzi sasa kuna hakimu. Linganisha na mikoko ya 1932.

Hata hivyo sikutoka na moyo mweupe wote. Mzee aliniambia vijana wanaojua maneno ya kusema ndani ni wa kuhesabu. "Mimi nikiondoka na haya maneno," alisema, "askari atalinda mti. Kaya hataijua." Alisema bila huzuni, kama mtu anayetaja saa.

Gazi ni mwendo mfupi kusini zaidi, nikafika Ijumaa imeshatoka. Akina mama wamejenga njia ya mbao inayopita juu ya tope katikati ya mikoko, na mgeni hulipa kidogo kupita. Mikoko hii ilikatwa sana miaka ya 1970, kuni za kuchomea chokaa na matofali. Upandaji ulianza 1991. Tangu 2013, chini ya mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, hekta 117 zinatunzwa na watu wa Gazi na Makongeni kwa mapatano na idara ya misitu, na hewa ukaa inayozuiwa humo inauzwa ng'ambo, kwa hati, kwa wanaotaka kufidia moshi wao. Fedha zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na matumizi yake huamuliwa na kijiji kwenye baraza.

Nilikuwa na shaka moja, nikaisema. Mti ukishakuwa hundi, je, mtu atauangalia vile vile? Soko la hewa likianguka?

Mwenyeji wangu alikuwa akikuna nazi. Hakusimamisha mkono.

"Mwalimu, mwaka 1991 hakuna aliyekuwa akinunua hewa. Mamangu alipanda kwa sababu upepo wa kusi ulikuwa ukitung'olea makuti."

Bado nina shaka yangu, ila imepungua uzito. Pale Gazi fedha zimekuja juu ya uhusiano uliokuwepo. Zikiletwa mahali ambapo uhusiano umekatwa, sidhani zitafanya kazi ile ile.

Niliandika maoni ya Junda usiku ule, kwa taa ya simu. Yametoka kurasa mbili. La kwanza, kabla ya kuchora mpaka wowote, waitwe wanaopatumia waseme wanapatumia vipi na tangu lini. La pili, mche upandwe kwa ushauri wa wanaokumbuka kilichokuwa pale. La tatu, kuni kavu, kaa na chaza vihesabiwe kuwa haki ya jirani wa msitu, na jirani huyo apewe naye mamlaka ya kumzuia mwenye msumeno.

Siku ya sita, Jumamosi. Kikao

Niliwahi feri ya mapema, nikafika ukumbini Kisauni saa 4 kasorobo. Viti vya plastiki, chupa za maji, spika moja inayokwaruza. Ukutani palikuwa na ramani ya hori: mabaka ya kijani, kila baka na namba.

Nilisoma kurasa zangu mbili. Zikapokewa, zikapigwa muhuri. Ofisa alikuwa na adabu, akasema mambo haya yatazingatiwa. Nilikaa nikihisi nimefanya kazi yangu, na papo hapo nikihisi kuna kitu hakijasemwa.

Mama wa Junda aliinua mkono. Hakuchukua kipaza sauti. Alitembea mpaka kwenye ramani, akaisogelea sana kwa sababu ya macho, akaiangalia kitambo. Ukumbi ukatulia.

"Hii namba saba," akasema, "mwenyewe nani?"

Ofisa akasema ni eneo la kurejesha mikoko.

"Sikuulizi ni eneo la nini. Nauliza jina lake."

Hakuna aliyejibu. Mama akageuka, akanitafuta kwa macho kati ya viti, akaniona. Alikaa kimya kidogo, nami nilijua anapima nini, kwa sababu mkono ule ule Jumanne ulikuwa juu ya kalamu yangu. Kisha akalisema. Jina la mkondo, na aliyezama, na mwaka wa njaa, na kwamba pale ni pa mchu. Akaweka kidole kwenye baka la pili, akalisema na lake.

Kijana wa ramani, aliyekuwa ameketi pembeni na kompyuta, aliinuka bila kuambiwa. Akachukua kalamu ya wino, akasimama karibu yake, akaanza kuandika moja kwa moja juu ya karatasi ukutani.

"Polepole mama. Hilo la tatu, ulisema?"

Akarudia. Kijana akaandika. Mama akainama kusoma, akachukua kalamu mkononi mwake, akasahihisha herufi moja, akamrudishia.

Adhana ya adhuhuri ilianza wakiwa kwenye mkondo wa sita.